Viti 52 vya California: ramani imeshapita, kura bado

Novemba 3, 2026 Wamarekani wanachagua upya Baraza zima la Wawakilishi, viti 435. California peke yake ina viti 52, vingi kuliko jimbo lolote. Uchaguzi wa 2024 uliwapa Wademokrati 43 kati ya hivyo na Warepublikani 9. Ramani mpya ya maeneo bunge, iliyopitishwa na wapiga kura Novemba 2025 kupitia Pendekezo namba 50, imechorwa ili vitano kati ya vile tisa vibadilike rangi, viende kwa Wademokrati. Wengi wanabishana kama huo ni wizi au ni kujihami. Hoja zote mbili zina uzito, lakini zote huchukulia kwamba viti hivyo vitano vimeshapatikana. Havijapatikana.

Tuanze na mipaka. Kwa kawaida California haikati mipaka yake bungeni. Pendekezo namba 11 la 2008 liliunda tume ya raia, na namba 20 la 2010 likaikabidhi tume hiyo mipaka ya viti vya Congress, bunge la taifa, pia. Wajumbe ni 14: watano wa Democratic, watano wa Republican, wanne wasio wa chama chochote kati ya hivyo viwili. Ramani waliyoitoa baada ya sensa ya 2020 ilitakiwa idumu hadi sensa ya 2030. Kisha Agosti 2025 bunge la Texas, kwa kuhimizwa na Rais Trump, likachora upya maeneo bunge yake 38 katikati ya muongo, likilenga kuwaongezea Warepublikani viti vitano. Gavana wa California, Gavin Newsom, akajibu kwa idadi ileile, safari hii kwa Wademokrati. Kwa kuwa katiba ya California iliwafunga mikono wanasiasa, ilibidi waende kwa wananchi, na karibu asilimia 64 walisema ndiyo. Ramani hiyo itatumika 2026, 2028 na 2030, kisha tume irudishiwe kazi yake.

Msomaji wa Kenya atashangaa jambo moja. Ibara ya 89 ya Katiba ya 2010 inairuhusu tume ya uchaguzi, IEBC, kuacha eneo bunge lizidi au lipungue wastani wa idadi ya watu kwa hadi asilimia 40 kwenye majiji na maeneo yenye watu wachache, na asilimia 30 kwingineko. Marekani haina ulegevu huo kwa viti vya Congress: kila eneo bunge la California lina watu kama 760,000, na tofauti kati ya moja na jingine ni ndogo mno. Hata hivyo usawa wa idadi hauzuii hila. Mchoraji ana njia mbili: kuwarundika wafuasi wa upande wa pili kwenye maeneo machache washinde huko kwa kura nyingi zisizo na kazi, au kuwatawanya kwenye maeneo mengi wawe wachache kila mahali. Refa wa mchezo huu hayupo. Mwaka 2019, katika kesi ya Rucho dhidi ya Common Cause, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mahakama za shirikisho hazitasikiliza malalamiko ya upendeleo wa kichama. Kinachobaki kwenye mahakama hizo ni malalamiko ya ubaguzi wa rangi na asili, na ndiyo maana waliopinga ramani ya California mahakamani walidai imechorwa kwa kuwatazama Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Haikusimamishwa.

Wanaoitetea wana hoja nzito kuliko wapinzani wao wanavyokubali. Baraza la Wawakilishi ni moja kwa nchi nzima, na wingi ni viti 218. Jimbo moja likijizuia huku jingine likijichotea, anayejizuia hajalinda haki ya mtu. Amehamisha tu madaraka. Missouri na North Carolina nazo zilichora upya mwaka uleule, na hakuna hata moja iliyowauliza wananchi wake. California iliuliza, tena kwa ramani iliyowekwa hadharani kabla ya kura.

Upande wa pili nao usipuuzwe. Nenda kaunti ya Modoc, pembe ya kaskazini-mashariki kabisa, wafugaji wa ng'ombe na watu wasiofika 9,000. Ramani mpya imeiweka eneo bunge moja, la 2, na kaunti ya Marin, iliyo ng'ambo ya daraja la Golden Gate kutoka San Francisco, miongoni mwa kaunti tajiri zaidi nchini. Kati yao ni mwendo wa saa kadhaa kwa gari. Mbunge akigongana na suala la maji ya mashamba au mbwamwitu wanaokula ndama, hesabu ya kura itamwambia asikilize Marin. Tume ya raia ilipaswa kuheshimu jamii zenye maslahi ya pamoja. Pendekezo 50 liliiruka hatua hiyo kwa makusudi. Isitoshe, Trump alipata takriban asilimia 38 ya kura za California mwaka 2024. Viti tisa ni asilimia 17. Vikibaki vinne, ni chini ya asilimia 8.

Hoja hii ya asilimia ina kasoro yake, na wanaoitumia huiacha nyuma. Katika mfumo wa mshindi mmoja kwa kila eneo, chama chenye kura chache zilizosambaa hupata viti pungufu hata mchoraji akiwa malaika. Ramani ileile ya tume iliwapa Warepublikani viti 12 mwaka 2022, na 9 miaka miwili baadaye, bila mtu kugusa kalamu. Dhambi ya Pendekezo 50 iko Modoc, haiko kwenye asilimia.

Sasa, ili kupata viti vitano, wachoraji walilazimika kuwachota Wademokrati kutoka maeneo yenye akiba na kuwapeleka kwenye upungufu. Kwa mfano, eneo la 1, lililokuwa la mashamba na misitu ya kaskazini, limenyooshwa hadi Santa Rosa. La 48, mashariki ya San Diego, limeongezewa Palm Springs. La 41 limeng'olewa kabisa na kupelekwa kaunti ya Los Angeles. Haya matatu yana mwelekeo ulio wazi. La 22, bonde la kati kuzunguka kaunti za Kern, Tulare na Kings, ni habari nyingine. David Valadao wa Republican alipoteza kiti chake huko 2018 kwa kura 862, akakirudisha 2020, na 2022 akapona ingawa alikuwa mmoja wa Warepublikani kumi waliopiga kura Trump ashtakiwe bungeni. Walatino ndio wengi huko, lakini wengi wao hawajitokezi mwaka usio na uchaguzi wa rais. Mistari mipya imelisogeza eneo kidogo tu. Mtu anayelihesabu tayari kwa Wademokrati anahesabu ramani, si wapiga kura.

Mtego wa pili ni mchujo, Juni 2. Tangu Pendekezo namba 14 la 2010, wagombea wa vyama vyote huwekwa kwenye karatasi moja, na wawili wa juu huendelea hadi Novemba hata kama ni wa chama kimoja. Wanaousifu husema unamlazimisha mgombea kutafuta kura nje ya chama chake. Ni kweli mahali penye chama kimoja kikubwa. Penye ushindani unaweza kugeuka. Mwaka 2012, eneo la 31 lilikuwa na Wademokrati wengi, lakini wagombea wao wanne waligawana kura, na Warepublikani wawili tu, Gary Miller na Bob Dutton, wakapita. Novemba wapiga kura wa Democratic hawakuwa na mtu wao kwenye karatasi. Pete Aguilar, aliyeshika nafasi ya tatu, alisubiri hadi 2014.

Mwaka huu pa kutazama ni eneo la 40, kusini mwa California. Ken Calvert, baada ya eneo lake la 41 kuhamishwa, alitangaza kugombea huko dhidi ya Young Kim, Mrepublikani mwenzake. Kiti kina mwelekeo wa Republican. Wademokrati wakisimamisha mgombea mmoja mwenye nguvu, mmoja wa wabunge hao wawili anaaga Juni. Wakijazana, wote wawili wanavuka.

Kura zenyewe hufika kwa posta. Kila mpiga kura aliyeandikishwa, ambaye jina lake bado linatumika kwenye daftari, hutumiwa karatasi, kuanzia siku 29 kabla ya uchaguzi. Inayoharibika mara nyingi si karatasi bali bahasha: haikusainiwa, au saini haifanani na iliyo kwenye kumbukumbu. Kaunti hulazimika kumwandikia mwenyewe ili arekebishe, kwa hiyo barua ya kaunti baada ya uchaguzi isitupwe. Bahasha lazima igongwe muhuri kufikia siku ya uchaguzi na ifike ndani ya siku saba. Muhuri hupigwa barua inapochambuliwa, pengine si siku uliyoitumbukiza, hivyo siku za mwisho sanduku rasmi la kaunti ni salama kuliko la posta. Mwenye green card, kibali cha ukaazi wa kudumu, asijiandikishe kabisa. Kura ni ya raia tu, na kosa hilo linaweza kumfukuzisha nchini.

Utaratibu huu ndio unaochelewesha matokeo. Wakosoaji huona ucheleweshaji kama moshi wa wizi, watetezi hujibu kwamba kila saini inakaguliwa. Sheria mpya inazitaka kaunti zimalize kuhesabu sehemu kubwa ya kura ndani ya siku 13, na hilo ni jema, kwani mwezi mzima wa kusubiri ni shamba la uvumi. Ila tofauti ndogo haziwezi kuharakishwa. Katika mchujo wa 2024 eneo la 16, Joe Simitian na Evan Low walifungana katika nafasi ya pili kwa kura 30,249 kila mmoja. Zilipohesabiwa upya, Low alitangulia kwa kura tano. Novemba hiyo, Adam Gray alimshinda John Duarte eneo la 13 kwa kura 187, na jibu lilijulikana Desemba 3. Eneo la 22 likibana kiasi hicho, namba za usiku wa Novemba 3 zitakuwa za mwanzo tu, na kura za posta zilizoletwa dakika za mwisho ndizo huhesabiwa mwisho.