Mvinyo wa Dodoma unasafiri, mbege haisafiri

Kikundi cha Arusha kikiamua kufanya safari ya siku moja ya kuonja mvinyo, ubishi huanza hata Coaster haijakodiwa. Kuna wanaosema twende Dodoma, kwenye mashamba ya zabibu na viwanda vyenyewe. Kuna wanaosema twende Marangu, Kilimanjaro, tukaonje mbege, pombe ya ndizi, kwa akina mama wanaoipika. Wa kwanza huwacheka wa pili: kuonja gani huko, si mnakwenda kunywa pombe ya kienyeji tu?

Dodoma ina hoja. Nchi ile kame huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, jambo ambalo mkulima wa Ulaya hulisikia kama hadithi. Ina zabibu yake nyekundu ya Makutupora, ina mvinyo wa Bihawana uliotokana na misheni, ina mashamba ya zabibu ya Hombolo. Wakulima wake wamelia soko kwa miaka, na serikali imeuwekea mvinyo wa zabibu za ndani ushuru mdogo kuliko ule wa nje ili upate pa kusimama. Mnywaji akiliona shamba lenyewe, huenda siku nyingine dukani mkono wake ukaipita chupa ya Afrika Kusini. Hilo si dogo.

Ila kutoka Arusha ni zaidi ya kilomita 400. Lami ya Babati na Kondoa imerahisisha mambo, lakini bado ni saa sita au zaidi za kwenda, na kurudi vilevile. Siku moja haitoshi, labda muwe mnakwenda kuonja viti vya gari. Halafu chupa mtakayoionja kule inauzwa hapa hapa Arusha, imefungwa vizuri na inawasubiri.

Mbege haisubiri mtu. Ndizi mbivu huchemshwa kwa saa nyingi mpaka ziwe nyekundu, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, zikachujwa. Maji yake huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na ndani yake limo gome la msesewe, ambalo ndilo linaloipa ule uchungu wa nyuma ya ulimi. Ikilala usiku mmoja, kesho yake inanyweka. Siku inayofuata imekuwa kali, na baada ya hapo inaelekea kwenye siki. Ukiifunga kwenye chupa inaendelea kuumuka humo humo, na kizibo utakitafuta darini. Anayetaka kuijua mbege ikiwa katika ubora wake hana budi kuifuata ilipo.

Hapa ndipo wanaoidharau safari ya Marangu hawapaangalii. Kiwanda cha mvinyo kikikosa mteja leo, pipa linakaa, na pengine mvinyo unazidi kuwa mtamu. Mama mpika mbege akikosa wateja leo, hasara inaingia ndani kesho asubuhi. Ndizi labda zimetoka kihambani kwake, shamba la nyumbani, lakini ulezi ameununua, kuni amezinunua, na kati ya kuvundika ndizi na kata (kibuyu cha kunywea) ya kwanza imepita wiki nzima. Mvua ikinyesha mchana kutwa, au kukiwa na msiba kijiji cha pili, kilabu kinabaki kitupu. Ikifika jioni bei inashuka, si kwa sababu mbege ni mbaya, ila kwa sababu saa zinakwenda. Mnunuzi anajua hivyo, na anangoja.

Sasa wapeleke watu ishirini waliotoa oda mapema. Watakunywa kidogo kuliko wateja wa kawaida, lakini watalipia pia mtori, maelezo, na kukaa chini ya migomba wakiuliza kimea kinaoteshwaje. Mama anajua idadi kabla hajamenya ndizi hata moja. Kwa mara moja, anayeuza ndiye anayepanga siku. Ujuzi wenyewe, ambao kilabuni haulipiwi chochote, unapata bei.

Wanaopinga wana hofu zao, na baadhi ni za kweli. Wengine wanaichanganya mbege na gongo, iliyopigwa marufuku kwa sheria. Hiyo hutoneshwa, mbege haitoneshwi. Tangu viroba, pombe kali ya pakiti, vipigwe marufuku mwaka 2017, kila kilevi cha bei nafuu kinatazamwa kwa jicho moja. Usafi ni suala zito zaidi. Ndizi zimechemka na uji umechemka, lakini maji yanayoongezwa baadaye, chujio na ndoo ni haki ya mgeni kuviuliza, kama ambavyo ana haki ya kuuliza kibali cha kuuzia pombe.

Wazee nao wana lao: mbege ni ya posa, ya kupatanisha waliogombana, ya matambiko, iweje ifanywe onyesho la watu wenye simu mkononi? Kuhusu simu nakubaliana nao kabisa. Lakini mbege imeuzwa vilabuni miaka mingi na imelipa ada za shule za watoto wengi wa Kilimanjaro. Kila nyumba inajua ipi imepikwa kwa ajili ya shughuli na ipi kwa ajili ya kuuza.

Kinachonivutia zaidi ni adabu yake ya kuonja. Kwenye mvinyo unazungusha glasi, unanusa, unasukutua, unatema kwenye ndoo. Huku mwenyeji hunywa funda la kwanza yeye mwenyewe mbele yako, ujue ni salama, ndipo akupe kata. Nani ateme mbege mbele ya mama aliyeipika? Basi kiasi kidhibitiwe kabla ya kumimina, maana kata ni kubwa na utamu wa ndizi unadanganya. Dereva asionje kabisa. Kutoka Marangu hadi Himo ni mteremko na kona. Wasiokunywa wapo pia, na mtori unawatosha.

Lililobaki ni malipo. Kikundi kinachoahirisha safari Ijumaa usiku kwa ujumbe wa WhatsApp kinamwachia mama pipa zima linalozidi kuchachuka. Nusu ya fedha ilipwe kabla ndizi hazijavundikwa, na isirudishwe.