PF3 ya mdogo wangu

Wiki iliyopita nilipiga zamu mbilimbili siku nne mfululizo kwa sababu mwenzangu wa ghalani, hapa Ohio, aliitwa mahakamani kuwa mmoja wa wazee wa baraza. Nilinung'unika sana. Kesi ilipokwisha ndipo aliponisimulia: raia kamfungulia askari polisi kesi ya madai, kwa jina la askari mwenyewe, kwamba alimpiga kupita kiasi. Sheria inayoruhusu hilo ni ya mwaka 1871! Na kila baraza lilipoingia, akiwemo huyu mpakia mizigo mwenzangu, askari alisimama.

Askari alishinda. Tangu 1989 Mahakama Kuu ya Marekani inataka nguvu yake ipimwe kwa macho ya askari mwenye busara aliyekuwepo pale pale, na hapo wengi huponea. Kwa hiyo msiniambie naisifia Marekani kama pepo. "Huko si ndiko polisi walikomuua George Floyd?" Ndiko, 2020, na Minneapolis ikailipa familia yake dola milioni 27, ambazo hazikumfufua.

Lakini mimi namfikiria mdogo wangu, bodaboda wa Chang'ombe, Dodoma. Alipigwa virungu mpaka vidole vikagoma kukunja. Hospitali wakamwambia alete PF3, fomu ya polisi ya kutibiwa aliyeumia. Akarudi kituo kile kile, na aliyempiga alikuwa amekaa kaunta. Fomu ikaandikwa "ajali ya pikipiki". Akaipokea kwa mkono wa kushoto, akashukuru.

"Umeshiba huko, sasa unatutukana." Hapana, jamani. Mama yangu hutoka ibada ya jioni Chamwino peke yake gizani, na hapa nisingethubutu kumruhusu. Najivunia kwetu, ndiyo maana jambo hili linaniuma. Maneno tunayo: Katiba ya 1977, ibara ya 13, inakataza mtu kuteswa. Serikali nayo inashtakika, ukitoa notisi ya siku 90. Ila kesi ni ushahidi, na ushahidi wetu unaanzia kwenye karatasi iliyoko mikononi mwa mlalamikiwa. Hilo tu ndilo ninalolisema. Aliyeumia atibiwe kwanza, na daktari aandike alichokiona.

Juzi nilimpigia mdogo wangu nikamsimulia kesi yote, baraza na askari kusimama. Akanyamaza, kisha akauliza: "Kaka, huyo aliyepigwa, karatasi ya hospitali alimwomba nani?"

Nikamwambia hakumwomba mtu. Aliingia tu, akatibiwa.