Keria ya kilo tano

Mi nilienda kuangalia tu. Naomba hilo lieleweke mapema kabla Mama Kulwa hajaanza kuuliza ile laki ya mbolea iko wapi, laki ya mbolea ipo, haijaguswa, iko kwenye mfuko wa koti palepale aliponiona nikiiweka.

Chanzo ni kijiweni. Juzi asubuhi nimekaa zangu Isevya hapa Tabora na kikombe cha kahawa, dogo mmoja wa boda akaja mbio akafunga breki mpaka vumbi likaingia kwenye kikombe, anahema, "toleo jipya limeshuka!" Sa mtu mwenye familia ukisikia kitu kimeshuka unasimama, unajua ni sukari, au petroli. Kumbe pikipiki. Na bei haijashuka, yaani imeshuka pikipiki yenyewe kutoka kwenye lori. Nikarudi kukaa, ila roho ishaondoka.

Kwa sababu mi pikipiki ninayo bana lakini nayo ni kusema tu ninayo. Niliinunua mkononi mwaka 2013, siti imeshashonwa mara tatu, ya mwisho ameshona fundi wa makochi ndo maana ina maua. Kiki unakanyaga mara saba, ya nane inaitika. Mshale wa spidi ulilala kwenye 40 mwaka juzi na haujaamka, nikiwa nimepaki niko 40, nikiwa kwenye mteremko niko 40, trafiki hajawahi kunikamata kwa mwendokasi na sijui kama ataweza.

Basi nikaenda. Nimefika karibu na duka nikaona aibu kuipaki mbele ya vioo vile, nikaizungusha upande wa pili wa barabara chini ya mwembe. Tabora hatukosi mwembe wa kujifichia, walioenda na kurudi na misafara enzi hizo walitupandia ya kutosha. Nikavuka kwa miguu kama mtu aliyeshushwa na gari. Nikavuta mlango, haufunguki. Nikavuta tena. Ndani watu wananiangalia, mmoja ananifanyia ishara ya kusukuma. Nikasukuma. Hivo ndo nilivyoingia dukani kwa heshima.

"Shikamoo mzee wangu, karibu." Kijana, shati jeupe limechomekewa, kiatu kimechongoka mbele mpaka ncha imeangalia juu. Mi nina miaka 46, hii mzee wangu nimeanza kuisikia tangu mwaka jana na bado haijanizoea. Nikasema marahaba, nikaweka mikono nyuma. Mtu asiye na hela dukani anaweka mikono nyuma, hiyo inajulikana, na yule kijana alijua, maana macho yalianzia kwenye kandambili zangu ndo yakapanda juu.

Pikipiki yenyewe wameiweka kwenye zulia jekundu. Nasema zulia, sebuleni kwangu hakuna. Nyekundu, inang'aa, tairi bado zina vile vinyweleo vya mpira, harufu yake ukiinusa unaweza kusaini chochote. Nikaizunguka mara ya kwanza kimya. Mara ya pili nikabonyeza tairi kwa kidole gumba, sijui huwa tunapima nini pale ila kila mwanaume anafanya. Wanaume wengine watatu wakaja wakabonyeza pia. Hamna mnunuzi hata mmoja pale ndani, wote ni mikono nyuma.

Kijana akaanza: dashibodi ya kioo, inakuonyesha gia, saa, mafuta, hapa unachaji simu, hapa unaunganisha bluutuuthi, simu ikiita jina linatokea hapa mbele. Nikamuuliza, kijana wangu, nani anataka kuona jina la mtu anayemdai huku yuko kwenye kona? Akacheka kidogo akasema ni teknolojia mzee. Kila nilichouliza kilikuwa teknolojia. Kwa nini madigadi ya mbele imekaa juu hivi, tope si litanijaa usoni? Teknolojia. Kwa nini siti ya nyuma imeinuka kama kichuguu? Ya kisasa hiyo mzee. Nikamfikiria Mama Kulwa amekaa pale juu na kitenge chake na mtoto na mfuko wa michembe, anaona mapaa ya watu.

Nikauliza kiki iko wapi. Niliinama kabisa kuitafuta, nikidhani wameikunjia kwa ndani. "Haina kiki mzee, ni batani tu." Na betri ikifa niko porini huko Sikonge kwenye mizinga? Akafikiria. "Unasukuma mzee." Mashine ya milioni 3 na laki 2, suluhisho lake ni la baiskeli.

Ila kilichonimaliza ni keria. Jamani. Mi nafuga nyuki, sio siri, na kama hujui, dumu la lita 20 la maji ni kilo 20 lakini dumu hilohilo ukilijaza asali linakaribia kilo 28, asali ni nzito kuliko inavyoonekana. Nabeba mawili, moja kila ubavu, katikati gunia, na juu ya gunia mara nyingi kuna shemeji. Sasa nikaishika ile keria. Nyembamba kama mpini wa mwavuli, nikaitikisa na siti yote ikatikisika. Pembeni kuna stika ndogo ya njano, nikavua miwani nikaisogelea mpaka pua ikagusa: mwisho kilo 5. Kilo tano! Kuku wawili na mkungu mdogo wa ndizi umeshavunja sheria. Nikamwita yule kijana asome yeye, labda macho yangu, akasoma, akasema hiyo ni ya mapambo zaidi mzee. Keria ya mapambo. Watanzania wangapi wamelala njaa wakilia kwamba keria zao hazipendezi?

Pale ukutani kuna tivii kubwa, nadhani walikuwa wameiachia intaneti yenyewe inajichagulia, maana ghafla ikaanza kuonyesha wazungu nao wako dukani wanazunguka kitu, mikono nyuma vilevile, nikasema kumbe huu ugonjwa ni wa dunia nzima. Ila kitu chenyewe hakina tairi. Mbele kina vibao viwili vimepinda ncha juu kama viatu vya yule kijana, nyuma kuna mkanda mpana wa mpira wenye meno unazunguka kama wa buldoza. Nikauliza, hii nayo inakuja lini? Kijana akasema hiyo ni pikipiki ya theluji mzee, huku haiji. Mmoja wa mikono nyuma akasema labda waipeleke Kilimanjaro, tukacheka wote, hata mlinzi.

Lakini mi ilinikaa kichwani, usiku nikamwambia Kulwa anitafutie kwenye simu, yuko fomu tuu huyo na bando anajua yeye anakotoa. Akanisomea. Kumbe kuna fundi gereji wa Kanada, Joseph-Armand Bombardier, wa kijiji cha Valcourt huko Quebec, mwaka 1934 mtoto wake wa kiume wa miaka miwili aliugua kidole tumbo wakati wa baridi, barabara zote zimezibwa na theluji, hospitali haifikiki, mtoto akafa. Tukanyamaza kidogo hapo. Mama Kulwa akasema kama yule wa jirani wakati wa masika, hatukuongeza neno. Basi yule fundi akahangaika na vyuma mpaka akapata ule mkanda wa kuzungusha, mwaka 1937 akawa na hati ya uvumbuzi wake, akatengeneza gari la theluji la watu saba, halafu 1959 ndo akatoa kile kidogo cha kupanda kama pikipiki, Ski-Doo.

Na siku hizi zimekua, injini za cc 600 mpaka 850, mashine inavuka kilo 200, bei dola 10,000 na kuendelea juu, nikamwambia Kulwa usinibadilishie kwa shilingi nataka kulala. Haina klachi ya kushika kwa mkono, kuna mkanda mwingine ndani unajipangia mwendo wenyewe. Nyingine ukitaka kurudi nyuma unabonyeza batani, injini inakaribia kuzima halafu inaanza kuzunguka kinyume, nilimrudisha Kulwa asome tena hapo. Mishikio ina moto wa kupasha mikono. Moto! Mwezi wa kumi hapa Tabora mishikio yangu ina moto bure, natoka nao juani, napuliza viganja. Kuna na kamba unajifunga kwenye koti, ukidondoka inachomoka injini inazima hapohapo, isije ikakuacha ikaondoka peke yake.

Nikasema hebu tuilete basi, mchanga wetu huu wa Uyui unaomeza tairi, na lile tope la mwezi wa pili, si itapita? Kulwa akasoma akacheka. Nyingi zinapozwa na ile theluji yenyewe inayorushwa na mkanda kule chini, ikikosa theluji inachemka, na vile vya plastiki mkanda unapotelezea vinayeyuka. Maana yake ingetoka dukani ikachemka kabla haijafika Cheyo. Sikuudhika hata kidogo, nilimheshimu yule fundi zaidi. Yeye alijua tatizo lake ni theluji, akatengeneza kitu cha theluji, hakuweka ya mapambo. Sa mi huyu wa kilo tano nataka nimjue, tatizo lake lilikuwa nini? Amewahi kuona dumu?

Haya turudi dukani. Kijana alipoona nimekaa sana kwenye siti, maana nilishapanda, miguu inafika chini kwa vidole tu, akaniletea karatasi ya mkopo. Kianzio laki 6, halafu 9,000 kila siku kwa miezi 18. Kila siku, hata Idi, hata Krismasi, hata siku nimefiwa. Mi shule sikufika mbali ila hela ya kudaiwa naijumlisha bila kalamu: 9,000 mara siku 540 ni milioni 4 na laki 8 na 60, weka kianzio, milioni 5 na laki 4 na 60. Yaani nimenunua pikipiki moja na nyingine ya pili haina tairi la nyuma, na hiyo ya pili sijapewa. Nikasema ngoja nikaongee na mama. Kijana akaikunja karatasi, hilo jibu analijua. Akanipa kalenda. Kalenda ilikuwa ya mwaka jana.

Nikatoka, mlango nikausukuma, kumbe kutoka unavuta.

Nikavuka mpaka mwembeni. Kanyaga moja, mbili, tano, saba, ya nane kimya. Ya kumi na mbili nikasikia viatu nyuma yangu, nikajua ni vile vilivyochongoka. Yule kijana. "Mzee nikusukume?" Nikakubali kwa sauti ndogo. Tukaenda hivo, mi juu kwenye maua yangu, yeye nyuma anakimbia na shati lake limechomoka, nikaachia klachi, ikakohoa moshi, ikaitika. Nikageuka kumshukuru, nikakuta hata hanisikilizi. Ameshika keria yangu. Nondo ya milimita 12 hiyo, alinichomelea fundi wa pale Ng'ambo mwaka 2016. Anaitikisa kwa mikono miwili, haitingishiki.

"Mzee, wewe hii huuzi?"

Nikamuuliza ya nini, na yeye amezungukwa na mpya. Akaangalia nyuma kule dukani, akashusha sauti, akasema baba yake yuko Urambo analima tumbaku, anamtafutia ya kubebea mizigo.

Nikamwambia milioni 3 na laki 2. Kianzio laki 6.