Stesheni ya Chinatown, San Francisco: deni limelipwa, ila aliyelipwa siye aliyekuwa anadai

Ikitajwa Central Subway, reli ya chini ya ardhi inayofika Chinatown, mtaa wa Wachina wa San Francisco, watu wanagombana kuhusu hela tu, na hela kweli ni nyingi, dola bilioni 1.95 hivi kwa reli ya kilomita 2.7 yenye stesheni nne na moja kati ya hizo iko juu ya ardhi, halafu ilitakiwa ianze Desemba 2018 ikaja kuanza Novemba 2022 tena wikendi tu, huduma kamili mpaka Januari 2023. Anayesema ni ghali hajakosea, piga hesabu mwenyewe, ni zaidi ya dola milioni 700 kwa kila kilomita. Lakini hesabu hiyo inaanzia katikati ya stori.

Stori inaanza na tetemeko la Oktoba 1989. Kulikuwa na barabara ya ghorofa, Embarcadero Freeway, iliyokuwa inamleta mteja wa Oakland na miji mingine ya ng'ambo ya ghuba mpaka jirani kabisa na Chinatown. Tetemeko likaiharibu, wafanyabiashara wa Chinatown wakataka itengenezwe, Meya Art Agnos akashikilia ibomolewe, ikaanza kubomolewa 1991 na mwaka huohuo Agnos akaangushwa kwenye uchaguzi, hasira za Chinatown zikiwa mojawapo ya sababu. Jiji likapata ufukwe wa wazi ambao leo kila mtu anausifia, ila mzigo wakabebeshwa wenye maduka. Ndo hapo Rose Pak, mwandishi wa habari wa zamani aliyekuja kuwa sauti kubwa ya mtaa ule, akakomaa na wanasiasa kwa miaka: mmetunyang'anya barabara, tupeni treni. Dawa ya deni ni kulipa, na mi naona alikuwa anadai haki, maana huu mtaa umeonewa sana, hata baada ya tetemeko na moto wa 1906 kuna wakubwa walitaka Wachina wahamishiwe Hunters Point pembezoni kabisa mwa jiji, wakagoma na kujenga upya palepale.

Shida yangu ni namna deni lilivyolipwa. Yule mteja wa ng'ambo alikuwa anakuja na gari, anajaza buti, anaondoka. Leo akitaka kuja na treni inabidi apande BART, treni inayovuka ghuba, ashuke stesheni ya Powell, atembee korido ndefu chini kwa chini mpaka stesheni ya Union Square, apande treni ya kituo kimoja tu, halafu apandishwe na ngazi za umeme kutoka mita 30 hivi chini ya ardhi. Nani atafanya hivyo na mfuko wa mchele begani? Hata mkazi wa Chinatown anayeenda Union Square, basi la 30 linapita juu hapohapo barabara ya Stockton. Kwahiyo wanaosema treni haijarudisha wateja waliopotea baada ya tetemeko wana hoja nzito, na tusisahau wenye maduka ya Stockton walivumilia uchimbaji miaka kibao na jengo lililokuwa na wapangaji likavunjwa ili stesheni ipate nafasi.

Ila angalia upande wa pili wa reli, maana hapo ndo wakosoaji wengi hawafiki. Treni inayotumia reli hii, inaitwa T, inaanzia kituo cha Sunnydale mtaa wa Visitacion Valley, kusini mwa jiji, inapita mtaa wa Bayview. Visitacion Valley kuna familia nyingi za Kichina ambazo wazee wao bado wako Chinatown, kwenye vile vyumba vya kupanga mtu na kitanda chake, jiko na choo mnashea na jirani. Mtu anakuja kumwona mama, anapita Stockton kununua mboga za majani kwenye makasha yaliyopangwa mpaka barabarani, anarudi na mifuko mikono yote miwili. Huyu miaka yote alikuwa anabanana kwenye basi la 8, sasa ana treni ya moja kwa moja mpaka mlangoni mwa Chinatown. Hakuna aliyempigania kwa jina lakini yeye ndo kafaidika, na kwangu hiyo inatosha kusema ilikuwa sawa kujenga.

Wapo pia waliopinga jina lenyewe, Chinatown-Rose Pak, kura ya bodi ya usafiri ya jiji 2019 ilikuwa 4 kwa 3 na wafuasi wa Falun Gong, kikundi cha kiroho kilichopigwa marufuku China, walikuja juu sana maana Rose Pak alikuwa akiwapinga. Naelewa hasira zao, ila bila yule mama sidhani kama kungekuwa na stesheni ya kugombania jina.

Kinachoniuma ni vitu vidogo vilivyoharibu kazi kubwa. Majukwaa ni mafupi, treni ya mabehewa mawili basi, na kabla haijazama chini inangojea taa na magari pale makutano ya barabara za 4th na King. Sasa wanataka reli iendelee mpaka Fisherman's Wharf, eneo la watalii ufukweni, na kweli tundu lipo tayari, mashine za kuchimba zilitolewa ardhini North Beach, mtaa ulio mbele ya Chinatown. Mi siikatai, ila waanze na taa, wampe dereva wa treni kipaumbele kila makutano kuanzia Sunnydale, na siku wakirudi kuchimba wakubaliane fidia na wenye maduka kabla ya koleo la kwanza.