Mshua Ni Mimi, Kishua Kiko Wapi?

Dalali wangu ana ugonjwa mmoja: kila mlango anaoufungua lazima aseme, "Mzee, hii ya kishua." Choo kina vigae, ya kishua. Dirisha la alumini, ya kishua. Jana kanipeleka Tabata kwenye chumba ambacho nikinyoosha mikono nagusa ukuta wa huku na wa kule. Kaangalia juu kwenye jipsamu, kuna vitaa vya bluu, kashusha pumzi kama mtu aliyeona Maka. "Mzee wangu, hapa kishua tupu."

Bei yake 150,000 kwa mwezi. Miezi 6 mkononi, na mwezi mmoja wa dalali mwenyewe. Hapo nimeshatoa 10,000 ya kuonyeshwa, kana kwamba chumba ni chui. Mlango wa pili, ukubwa uleule, ila juu bati linakuchungulia, ni 80,000. Kwa hiyo neno kishua peke yake linauzwa 70,000 kila mwezi. Sijawahi kukutana na neno la Kiswahili ghali namna hiyo, na halina hata luku yake ya kujitegemea.

Nikakaa kibarazani nikalichambua. Shuleni hesabu zilinipiga chenga, lakini ngeli hazikuwahi kunishinda. Kishua kinatokana na mshua. Mshua mtaani ni baba, mzee mwenye nyumba yake; halafu akawa mtu yeyote mwenye nazo, maana mtoto akilala njaa ama akishiba anamtazama baba. Ile ki- ni ya namna: ukila kifalme unakula kama mfalme, ukilia kitoto unalia kama mtoto. Basi kuishi kishua ni kuishi kama mshua anavyoishi.

Na mshua ni nani? Nyumbani kwangu mshua ni mimi! Watoto watatu wananiita hivyo, hasa zikikaribia ada. Kwa sheria ya sarufi, kuoga kwa kopo ni kishua. Ndala zangu zilizoshonwa kwa waya ni za kishua. Feni yangu inayozunguka kama inajiuliza maswali, ya kishua kabisa. Nikamweleza dalali yote hayo kwa utaratibu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Mzee, unalipa au hulipi?"

Kijana hajui kwamba kazi yake ilianza zamani. Wajerumani walitoa amri ya ujenzi Dar es Salaam mwaka 1891: huku zijengwe nyumba za Kizungu tu, vibanda vya makuti visogee kule. Waingereza wakakuta mgawo umeshaiva, wakaendelea nao. Uzunguni kwenye upepo wa bahari, Uhindini kwenye maduka, Uswahilini kwenye vumbi. Uhuru ukaja 1961, Wazungu wakafungasha, nyumba zikabaki na upepo wake, wakaingia wakubwa wetu. Sasa mtaa anaokaa mjomba wako utauitaje Uzunguni? Leo Masaki na Oysterbay vijana wanakuita ushuani, na sisi tuliobaki Uswahilini tukakatiwa hata jina, tukawa uswazi. Umaskini mpaka kwenye silabi.

Kinachoniuma zaidi ni Kariakoo. Ile ilikuwa Uswahilini ya kupimiwa, na jina lenyewe ni la kambi ya wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, Carrier Corps ya Waingereza, ikapita kwenye ndimi zetu ikatoka Kariakoo. Mahali pa wabeba mizigo! Nenda leo kaulize fremu pale, utajiwe kodi, kisha utajiwe kilemba, ile hela ya kuachiwa fremu yenyewe. Utarudi wewe ndiye umebebwa.

Wazee wetu kwenye mambo haya hawakuwa na simile. Waliopanda Mercedes-Benz waliwaita Wabenzi, ngeli ya watu, kabila kamili kama Wazaramo. Azimio la Arusha la 1967 likaja kuwapiga marufuku viongozi kula mishahara miwili na kuwa na nyumba za kupangisha. Nyumba za kupangisha! Lingewabana wote mpaka leo, huyu dalali wangu angekuwa anauza mkaa.

Marehemu baba alikuwa na shati moja jeupe la kutokea. Moja. Jumamosi usiku linafuliwa, asubuhi linapigwa pasi ya mkaa mpaka kola inasimama yenyewe. Akipita, watu wanasema mzee mtanashati huyo. Hakuna aliyewahi kumuuliza dari la nyumbani kwake lina taa za rangi gani. Mimi nimevaa shati la mtumba la daraja la kwanza, nimenyoa, nimepaka mafuta, dalali ananiangalia viatu.

Nikamwambia naenda kushauriana na mama watoto. Akanijibu chumba hicho hakifiki jioni, kuna mtu anakuja na hela taslimu. Huyo mtu namjua, yuko kwenye kila chumba nilichoonyeshwa tangu Jumatatu.

Nikadandia daladala. Nimebanwa mlangoni, kwapa la jirani ndiyo kiyoyozi changu, mguu mmoja unatafuta pa kukanyaga. Konda akanigonga begani kwa sarafu.

"Mshua, sogea nyuma, nyuma kweupe!"