Gobore la Shemeji

Shemeji yangu ni mzaliwa wa Sikonge, Tabora, na babu yake alikuwa mwindaji. Hilo atakwambia kabla hujamsalimia. Kwa hiyo alipopata kibali cha kuwinda elki, yule kulungu mkubwa wa Marekani, kwa gobore hapa Colorado (vibali vyenyewe hutoka kwa bahati nasibu), nyumba nzima pale Aurora haikulala. Mimi nikateuliwa mbeba mkoba.

Kasheshe ilianzia dukani. Shemeji alitaka goroli, risasi za mviringo kama za babu. Muuzaji, mzee mpole, akamwambia kwa elki goroli inaruhusiwa kuanzia kaliba .54 (upana wa tundu la mtutu, kwa inchi), na bunduki yetu ni .50. Hiyo inataka risasi ndefu, isiyopungua gramu 11. Shemeji akashika zile zilizovishwa kikombe cha plastiki. Marufuku msimu wa gobore. Baruti ya vidonge? Marufuku, ni ya unga tu. Darubini ya kulengea je? Marufuku.

"Kwani wameruhusu nini, ngumi?" akaniuliza kwa Kiswahili.

Gobore hushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomoni, na risasi zikabaki aina mbili. Moja inabana mpaka uigonge ndiyo iingie mtutuni; nyingine inateleza kama mlenda. Mzee akashauri inayobana, ikae juu ya baruti isisogee, maana dume la elki hufika kilo 300 na haliangushwi kwa nia njema. Shemeji akalipia ya mlenda.

Tukapanda milima ya juu ya mji wa Meeker. Septemba ni majira yao ya kupandana, na dume hupiga mluzi mwembamba ambao huwezi kuamini unatoka kwenye mwili ule. Mvua ikaanza. Shemeji, fundi, akaning'iniza gobore begani mdomo chini ili maji yasiingie. Tukanyata, tumevaa vizibao vya rangi ya chungwa inayowaka, maana ndiyo sheria.

Baada ya muda akaanza kuchechemea.

"Shemeji, vua buti utoe hilo kokoto."

"Babu hakuwahi kuvua kiatu porini."

Sikuuliza kama babu alikuwa na viatu.

Dume likatokea, hatua kama 40, pembe zimetanda. Shemeji akapachika fataki ya kuwashia baruti, akalenga, akafyatua. *Ta!* Basi. Hakuna moshi, hakuna mshindo. Sasa, gobore likigoma huruhusiwi kulishusha upesi. Unaliacha limeelekea kule kule na kusubiri, baruti isije ikashika moto kwa kuchelewa. Tukasubiri wote watatu: mimi, shemeji na elki. Wa kwanza kuchoka alikuwa elki. Akaondoka kwa miguu, wala hakukimbia.

Shemeji akachomeka mdeki, ile fimbo ya kushindilia, mtutuni. Ulikuwa na alama aliyoichora kwa rangi ya kucha ya dada, ya kuonyesha risasi imekaa mahali pake. Mdeki ukazama, alama ikamezwa na mtutu. Ndani hamna kitu.

"Kuna mtu ameifunga hii bunduki," akanong'ona, akaanza kutaja majirani wa Sikonge wenye uwezo huo.

Alipofika kwa jirani wa nne, mguu ukamshinda. Akakaa kwenye gogo, akavua lile gambuti pana, akaligeuza. Likatoka tope jeusi la baruti. Soksi nyeusi tii. Halafu, *to!*, juu ya jiwe: risasi, haina hata mkwaruzo.

Akaitazama muda mrefu.

"Walisema inaingia kwa ulaini," akasema. "Habari za kutoka hawakusema."