Uzi Mmoja Ungetuambia Ni Ukingo Upi

Juzi jirani yangu hapa Nkuhungu alimtoa mama yake wodini baada ya upasuaji wa saratani ya ulimi. Uso unang'aa: "Dada, wametoa yote!" Nikampa hongera, kisha nikamuuliza kama majibu ya kingo yametoka, yaani kama pembezoni mwa nyama iliyokatwa hamna saratani. Hakujua naulizia nini. Usiku usingizi ulinipaa, maana na sisi tuliambiwa maneno hayo hayo.

Mjomba wangu wa Mpwapwa alikuwa na kidonda ubavuni mwa ulimi. Akapaka asali, akasukutua maji ya chumvi, miezi ikapita. Hospitalini wakapima, ikawa saratani, akapasuliwa. Imetoka yote, tukaambiwa, tukachinja jogoo. Wiki ya tatu majibu ya patholojia, maabara inayosoma nyama kwa hadubini, yakaja: ukingo mmoja una saratani. Upi? Karatasi haikusema, kwa sababu kinyama kilichokatwa kilitumbukizwa kwenye kopo la formalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, bila alama yoyote. Aliyekisoma maabara angejuaje mbele ni wapi na nyuma ni wapi? Na kidonda cha mjomba kilikuwa kimeshafunga, ulimi umejivuta, hakuna wa kunyoosha kidole akasema ni hapa.

Uzi tu! Mshono mfupi upande wa juu, mrefu upande wa pembeni, na maelezo kwenye fomu. Uzi ule ule uliomshona mjomba. Kinyama kikiwa bado kibichi, mpasuaji na mtaalamu wa patholojia wanaweza kukikata pamoja na kupima kwa rula, wakaona wapi nyama nzima imebaki nyembamba, hasa upande wa chini, ule uliojificha ndani ya msuli. Chini ya hadubini, nyama nzima ikifika milimita 5 kuuzunguka uvimbe, ukingo huhesabiwa kuwa safi. Nyama husinyaa ikishakatwa, ndiyo maana wapasuaji hulenga sentimita nzima. Rula ikionyesha pembamba, wanaongeza kukata hapo hapo, mgonjwa akiwa bado kwenye nusu kaputi.

Ipo njia ya kugandisha kinyama, kukichana utando mwembamba sana na kuusoma ndani ya nusu saa hivi. Naitamani kwa kila hospitali ya rufaa. Ila nakubali, inataka mtaalamu awe jengo hilo hilo, mfupa wa taya haukatiki namna hiyo, na jibu la haraka mara nyingine hupinduliwa na jibu kamili. Haya. Uzi hautaki hata umeme.

Mjomba akaenda Dar, hospitali ya saratani ya Ocean Road, kupigwa mionzi. Mate yakakauka, ladha ikapotea, msimu mzima wa karanga ukampita. Mpaka leo ugali wa uwele haupiti kooni bila mlenda mwingi.

Leo asubuhi nimemwandikia jirani maswali kwenye karatasi. Kingo zimesomwa? Zina milimita ngapi, na upande wa chini je? Kinyama kiliwekwa alama? Jumatatu anamrudisha mama kutolewa nyuzi. Ameahidi atauliza.